Manju Mkubwa Ananisifu kwa Mpira Nisioweza Kuupiga

Mpendwa Bi Mwaisha, mshauri wa wasomaji,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba unisaidie upesi, kwa maana huku mtama umeshaanza kuvunwa na ngoma za mavuno zimekaribia, na siku ya ngoma hizo ndiyo siku nitakayoaibika mbele ya Usukuma mzima na kumpoteza mwanamke nimpendaye, nisipopata akili ya kuazima kwako. Najua ni aibu kuyasema haya gazetini, lakini mficha uchi hazai.

Mimi ni fundi cherehani, Mzaramo wa Kisarawe, nilikuwa nikishona barazani pa duka la Dilip pale Shinyanga mjini, tena nilisifika kiasi changu, mpaka alipokuja Mmarekani mmoja mwenye kambi ya dhahabu huku upande wa Geita, ambaye vibarua wanamwita Bwana Kofia kwa sababu hajapata kuonekana bila kofia, akaagiza sare za wachezaji wa mchezo wa kwao uitwao besiboli, ambao ni mpira mdogo mgumu, mmoja anaurusha, mwingine anausubiri na rungu aupige uende mbali kisha akimbie, na akiukosa mara tatu anatolewa akakae. Vipimo vya wachezaji vikanipotea, nikaona haya kumwambia mzungu, nikajipima mwenyewe na kushona suruali zote kwa mwili wangu, nami ni mwembamba, basi nilipozipeleka kambini zikanikaa mimi vizuri sana na kuwakataa wote waliokusudiwa, na Bwana Kofia, ambaye ni mtu asiyependa kutupa kitu, badala ya kunirudishia suruali akafukuza wachezaji. Akatafuta watu wembamba kambi nzima, na wa kwanza kuandikwa nikawa mimi, kwa mshahara wa kucheza tu, uliozidi ule wa cherehani, na tamaa ikanimaliza hapo hapo. Mama yangu Kisarawe mpaka leo anadhani nilikosea kuandika barua, anauliza hiyo kazi yenyewe ni ipi.

Siku ya kwanza nilifumba macho nikazungusha rungu ili mradi, mpira ukajigonga wenyewe, ukaruka juu ya kifusi cha mgodi ukaenda kuanguka uwanjani kwa manju Bujiku, kiongozi wa ngoma ya Wagika, ambao kila mavuno hushindana na Wagalu kuvuta watazamaji, naye alikuwa akiwafundisha watu wake, ukaigonga ngoma yao kubwa kabisa, tena kwa pigo lile lile ambalo mpigaji wake alikuwa amechelewa kulipiga. Bujiku, Bi Mwaisha, hahitaji kuelezwa, ni mtu ambaye akiingia kijijini majembe yanalala, na nyimbo zake zinaimbwa na watu wasiowahi kumwona. Akaja uwanjani kwetu ameshika mpira ule mikono miwili, akauliza nani aliyeupiga, nami kwa ujinga wangu nikanyoosha mkono.

Tangu siku ile sijapiga mpira mwingine. Hata mmoja. Lakini Bujiku hakosi mchezo wetu, anakuja na manyoya yake kichwani na usinga mkononi, na watu wanamfuata kwa wingi, wala hawaji kunitazama mimi, wanakuja kumtazama Bujiku akinitazama. Nikikosa, yeye ana maneno tayari, anauimba ule mpira kama mtoto wa mtu, "Huyo amemwachia, hana ugomvi naye, anamngoja baba yake," na watu wanaitikia na kupiga vigelegele, nami natoka uwanjani nikiwa nimeshindwa na kushangiliwa kuliko aliyeshinda. Nikienda Shinyanga kununua nyuzi, watu wa soko la Ngokolo wenye umri wa baba yangu wananipa shikamoo, Dilip ametundika suruali yenye mistari mbele ya duka lake na kuwaambia wateja kwamba ndiyo inayonipa nguvu, na mzee mmoja aliyelazwa hospitali ya Kolandoto alitaka nimshike bega apone haraka, nikamshika, akapona, mambo yakazidi kuniharibikia. Bwana Kofia ndiye pekee anayejua kwamba sijui lolote, naye amesema kambi nyingine zinakimbiwa na vibarua na yake haikimbiwi kwa sababu ya Bujiku, kwa hiyo nishike rungu ninyamaze.

Ningenyamaza, kama si Mageni. Mageni ni dada yake Bujiku, mdogo wake wa mwisho, na watu wote wanaposimama kule mbele kwenye kifusi wakingoja mpira utakaoruka, yeye huketi nyuma yangu, nadhani anapenda kile kivuli, basi mipira inayonipita huikuta miguuni pake na kumrudishia mrushaji, na mimi hupita kwake kunywa maji nikishatolewa, na ndivyo tulivyoanza kuzungumza. Hanisifu, ananiuliza habari za cherehani, jinsi ninavyokata shingo ya kanzu, na akicheka nasahau kwamba nimetoka kuaibika. Nampenda, Bi Mwaisha, na habari za dini tumeshazungumza tukaafikiana, na nilipokwenda kumposa kwa Bujiku sikuamini masikio yangu. Alisema, "Ng'ombe baki nao. Siku ya ngoma za mavuno, Wagalu watakapokuwa wamejipanga upande wa pili kuninyang'anya watu, wewe utapiga mpira upite juu ya vichwa vyao, watu wote wageukie kwangu, na hapo hapo nitamtangaza Mageni kuwa mkeo."

Nikarudi kwake kesho yake kumwambia ukweli. Nilimkuta na watu wake wanakaza ngozi ya ngoma.

"Shemeji," nikamwambia, "mimi mpira siujui. Ule wa kwanza nilifumba macho."

Akaangua kicheko. "Wazaramo bwana! Mnakataa sifa ili mwongezewe."

"Wallahi siujui. Hata kuku akipita, nikimrushia jiwe nitampiga mwenye kuku."

"Mmemsikia?" akawageukia watu wake. "Mtani wangu huyu! Wabeja, mtani, ahsante sana. Hiyo nitaiimba."

Na kweli ameiimba, inaimbwa mpaka Songwa. Nimerudia tena mara kadhaa, na kila nikikiri wanashikana mbavu, kwa sababu sisi Wazaramo na wao Wasukuma ni watani tangu enzi za babu zetu, na neno la mtani halichukuliwi kwa uzito hata akisema nyumba inaungua. Mageni sijamwambia. Kila nikitaka kumwambia nauona uso wake akiwa mke wa mtu asiyejua kupiga hata mpira mmoja, yaani mke wangu mimi mwenyewe, namwomba maji mengine ya kunywa.

Sasa nimebaki na njia tatu. Nitoroke nirudi Kisarawe. Au nimwombe mrushaji wetu Marselino anirushie taratibu kama anavyomrushia mtoto, ingawa hata ule wa taratibu sina hakika nao. Au nijifanye nimevunjika mkono, na kwa hili la tatu nimeshashona kitambaa cha kuning'inizia mkono, cha nguo ile ile ya mistari, na pindo lake limekaa vizuri kuliko kitu chochote nilichoshona mwaka huu. Nishauri, mama, nifuate ipi?

Ni mimi Hatibu, fundi cherehani, sasa mchezaji kwa bahati mbaya.

JIBU

Hatibu mwanangu, pole. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini jikoni, kisha nikaisoma tena na safari hii nikashikwa na hasira.

Nianze na kinachonikera. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe mnazi wenyewe hujaupanda, na bado unatembea na sifa za tembo mpaka Ngokolo. Unasema umekwishamwambia Bujiku ukweli akacheka. Ulimwambiaje? Ulimpelekea habari ya kuku na mwenye kuku, tena mbele ya watu wake. Mimi nimecheka, na mimi si mtani wako. Mwanamume anayetaka kusikiwa haendi kwa shemeji yake na kichekesho mdomoni. Ulitaka upate kusema kwamba ulisema, huku ukimwomba Mungu asikusikilize mtu, ili zile shikamoo za sokoni ziendelee. Utani wa babu zenu ni kitu kizuri, watu huzikana kwa utani na kupatana kwa utani, wewe umeugeuza kichaka cha kujificha.

Njia zako tatu zote ni za mtu mwoga. Ukitoroka, wimbo utakufuata, maana nyimbo za Wasukuma hupanda gari moshi kama watu. Huyo Marselino usimwingize kwenye uongo wako, bila shaka ana wa kwake wa kumtosha. Kitambaa cha mkono kichane leo, umshonee mtoto wa mtu kaptula. Nasikia pindo limekaa vizuri, basi mtoto atapendeza.

Wala usimdharau Bujiku. Mtu aliyezeeka na ngoma anajua watu hufuata nini. Amekuona ukikosa mchana kweupe, kila mchezo, na macho anayo; kila kosa lako amelipatia wimbo na watu wakazidi kuja. Unadhani akikosa huo mpira wako siku ya Wagalu atakaa chini alie? Atapata la kuimba, ndiyo kazi yake. Akikukasirikia, atakukasirikia kwa kumwacha atangaze harusi ya dada yake juu ya kitu ambacho hukijui, na kwa hilo ana haki. Inamisha kichwa, ukemewe, usijitetee.

Sasa Mageni, ambaye ungemtaja mwanzo wa barua kama ungekuwa na akili timamu. Watu wote wako mbele wanangoja mpira utakaoruka, yeye ameketi nyuma yako, nawe unaniambia anapenda kivuli. Hatibu! Nyuma ya mpigaji hufika mipira iliyokoswa tu. Msichana amekwenda kukaa pale pale unapoaibikia, na hajahama. Siku zote amejua kwamba hujui kupiga. Tena hakuulizi habari za rungu, anakuuliza habari za shingo ya kanzu. Anangoja kuona kama utamwambia mwenyewe, au utamwoa ukiwa umejificha nyuma ya nyimbo za kaka yake. Yeye ataishi na ulimi wako. Kila siku unayochelewa ndiyo inayokuharibia, maana kukosa mpira amekwisha kukusamehe, lakini kumdanganya hajakuambia kama atakusamehe.

Na jambo la mwisho, ambalo nimelifikiria sana. Wanaoniandikia huniomba niwafiche majina. Wewe hukuomba. Umeandika jina lako, kabila lako, jina la Bujiku na la Mageni, yote kwa herufi nzuri za fundi. Nilishika kalamu niyafute, kisha nikaiweka chini. Unajua kama ninavyojua mimi kwamba gazeti likifika huko husomwa kwa sauti dukani, na mtu mwenye jina kama la Bujiku huitwa aje asikie alivyotajwa, na dada yake hatabaki nyumbani. Nadhani uliandika kwa sababu hiyo, hata kama hukujiambia. Ya mdomo wako waliyaita utani. Ya gazeti hakuna mtani wa kuyacheka, yatasomwa mpaka mwisho.

Kwa hiyo mpaka wewe unafika mstari huu, wao wameshasikia. Hakuna tena cha kukiri. Vua hiyo suruali ya mistari, vaa kanzu safi, nenda leo leo kabla jua halijawa kali. Bisha hodi, salimia, kisha nyamaza, usiongeze neno la kuchekesha hata likikujia. Bujiku mwombe radhi kwanza, maana ndiye mwenye nyumba. Halafu muulize Mageni mwenyewe kama bado anakutaka, na jibu lake lolote lipokee ukiwa umesimama.

Mwaisha binti Akida