Takwimu Zangu Zinamwachisha Kaka Kazi

Mshauri mpendwa, nimebanwa kweli kweli, nishike mkono. Kaka yangu ni mwalimu wa fizikia, nami kwa kuwa nafanya kazi ofisi ya utafiti wa masoko nyumbani wananiita Profesa, jina ambalo nimelipenda kupita kiasi, basi aliponiuliza kama biashara ya kuchaji betri za pikipiki za umeme ina wateja hapa mjini nikajitia mjuzi, nikachukua takwimu za forodha ambazo serikali huziweka wazi, nikajumlisha betri zote zilizoingia nchini mwaka jana, nikakata fungu la mji wetu kwa idadi ya watu, nikatangaza mezani mbele ya shemeji kwamba tuna pikipiki za umeme elfu tisa. Kaka akaniamini, akaandika barua ya kuacha ualimu baada ya miaka kumi na tisa, anaipeleka Jumatatu. Juzi nikasoma maelezo madogo chini ya jedwali, kumbe jumla ile ina betri za kila aina, za tochi, za rimoti, za saa za ukutani, na nilipofungua takwimu za usajili wa vyombo vya moto nikakuta pikipiki za umeme mia mbili na kumi na moja tu mji mzima. Sijamwambia. Kaka ameshaanza kuwaaga wanafunzi wake, na aibu itaniua. Je, nisubiri, pengine soko litakua?

Profesa wa Mashaka

Profesa, pole, lakini acha kujidanganya. Hesabu hukosewa na kila mtu. Ila tangu juzi unamwacha aendelee kuaga wanafunzi, hapo ndipo unaponikera. Soko litakua, sawa, na kaka yako atakula nini wakati linakua?

Nenda leo. Mwite pembeni umwambie, "Kaka, nilikosea, ni mia mbili na kumi na moja." Taja namba yenyewe, usizungukezunguke. Mpe na majedwali ayasome, mwalimu wa fizikia hatishwi na tarakimu. Hata hiyo ya usajili msiimeze nzima, maana pikipiki iliyokufa hubaki imeandikwa humo. Nendeni wawili kwenye vijiwe vya pikipiki, mhesabu za umeme kwa macho, muwaulize madereva wanachaji wapi. Akiitaka bado biashara hiyo, aanze jioni baada ya vipindi. Shemeji atanuna, na jina la Profesa huenda likaishia hapo. Vumilia.

Barua yake ikishagongwa muhuri Jumatatu, hutakuwa tena na la kumshauri, utabaki kumpa pole.