Neno Nililolisema Mukendo

Mama Magesa, ndugu yangu,

Utanisamehe, mkono wangu bado mzito kwenye kalamu. Herufi hizi ulinifundisha wewe, uani kwako, kwa kijiti kwenye majivu. Nilikuwaga nakuuliza nitamwandikia nani mimi, mke wa fundi cherehani, na watu wangu karibu wote wako hapa hapa Musoma. Sasa nimempata wa kumwandikia.

Nyumba yako ipo. Mwanao Magesa alipomaliza kukuzika kule kwenu Majita aliniachia ufunguo, akarudi kazini kwake. Harufu ya samaki wako wa kukausha haijatoka ukutani, na mimi sitaki itoke.

Nina jambo la kukuambia, nimelizungukazunguka mwezi mzima. Ni juu ya Masatu.

Unakumbuka ulivyompokea. Alikuwa ametoka jela, alifungwa kwa baiskeli ya watu, hana kwao pa kurudi, nawe ukampa chumba cha uani akae atengeneze vibatari vyake na ndoo za bati. Mtaa wetu wa Mukendo ulinung'unika. Wakati ule vitu vilikuwa vinapotea mchana kweupe: kanga kwenye kamba, sufuria, kuku. Huwezi kwenda ziwani kuchota maji bila kuacha mtu mlangoni. Wanawake wakakujia, na mimi nilikuwa katikati yao. Ukatujibu huku unapara samaki, hata kichwa hukuinua: "Amemaliza siku zake zote za jela. Mnataka akakae wapi tena?" Tukaondoka mmoja mmoja.

Na ulipolala kifua kinakubana, ulinishika mkono ukasema, "Mama Salima, wasimfukuze." Nikasema hawatamfukuza. Nilisema haraka, nilitaka tu upumzike.

Hata miezi miwili haikuisha tangu tukuzike, pasi ya mume wangu ikaibiwa. Niliiacha barazani ipoe, nikaingia kuepua ugali, kutoka haipo. Idi ilikuwa karibu, nguo za watu zimejaa ndani, na fundi bila pasi atamkabidhi nani nguo? Nikakaa chini nikalia. Majirani wakaja, wakaniuliza namshuku nani. Mama Magesa, mimi sikuona mtu. Hata kivuli sikukiona. Nikasema, "Hapa mtaani nani mwingine amewahi kufungwa?"

Basi. Jina sikutaja.

Hamisi, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyetangulia na fimbo. Wengine wakamfuata. Walimtoa Masatu chumbani kwako, wakazikanyaga ndoo zake. Nilisikia mabati, kisha nikamsikia yeye. Wewe ungekwenda kusimama katikati yao, najua. Mimi nilibaki kwangu nimeshika mlango. Askari walipofika mkono wake wa kulia ulikuwa umeshavunjika. Wakampeleka hospitali, kisha mahabusu. Jioni watu walipita kunipa pole. Pole ya pasi, Mama Magesa.

Wiki ya tatu nilipanda lori kwenda Bunda kumwangalia dada yangu, amejifungua. Jirani yake ni fundi cherehani. Nikamkuta barazani ananyoosha suruali, na pasi aliyoishika ilikuwa ya kwetu, mpini wake umezungushiwa waya wa shaba. Waya ule aliufunga Masatu mwenyewe mpini ulipolegea, wewe ukiwa hai, na akakataa hata chai. Nikamuuliza yule fundi kwa upole aliipata wapi. Akasema ameuziwa na mtu wa Musoma, mrefu, hana jino la mbele, tena si mara ya kwanza kumletea vitu. Huyo ni Hamisi. Hakuna mwingine.

Sijui nilirudije nyumbani. Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Ni mdogo wangu, Mwajuma. Tuseme imeonekana tu. Masatu watamwachia." Nikamwambia, "Neno lile nililisema mbele ya watu. Hili nalo nitalisema mbele ya watu." Asubuhi nikamkuta amevaa kanzu, amesimama mlangoni ananisubiri. Tukaenda wote. Sijawahi kumpenda kama asubuhi ile.

Barazani kwa liwali, kesi inaposikilizwa, nilisimama mbele ya watu. Nikasema sikuona mwizi, nikasema nilichouliza siku ile kilikuwa uongo ingawa kilitoka kama swali, kisha nikaeleza ya Bunda. Hamisi alikana mpaka yule fundi alipoletwa. Ndipo akakiri yote, na kanga, na sufuria. Amefungwa. Mama mkwe amehamia kwa binti yake, mtaa wa Nyasho; nikimsalimu anatazama pembeni. Simlaumu.

Masatu akatoka. Mkono wake umeunga vibaya, haunyooki. Nilikwenda nikapiga magoti pale uani kwako, nikamwomba msamaha. Akanisikiliza. "Nimesikia, mama," akasema, akaendelea kuokota mabati yake. Kwamba amenisamehe hakusema. Nikawa nampelekea chakula kila mchana, na kila siku nakuta bakuli barazani kwangu, limeoshwa, limefunikwa. Yeye mwenyewe simwoni.

Vitu havipotei siku hizi, lakini hofu haijatutoka. Wanawake wamemwomba awatengenezee makomeo ya milango, walewale waliokujia siku ile, wanaongea naye macho chini. Amepita nyumba kwa nyumba. Nilidhani kwangu hatafika. Juzi asubuhi akaja, nyundo iko mkono wa kushoto. Nikamshikia misumari. Alipomaliza akatoka nje, akaniambia nifunge asukume aone. Nikafunga. Akasukuma kwa bega, mlango haukutikisika. Nilisimama ndani namsikia anapumua upande wa pili, mtu niliyemwogopa miaka yote ile.

Nikafungua.

"Uji upo, Masatu," nikamwambia. Akautazama mkono wake, akanitazama mimi. Kisha akapangusa miguu akaingia. Alikunywa vikombe viwili, akasimulia jinsi ulivyokuwa unamgombeza kwa kuacha makapi ya bati njiani. Tulicheka. Tunakukumbuka sana.

Sasa nikuache upumzike, ndugu yangu. Naahidi hatatolewa chumbani kwako mimi nikiwa hai, na sitamsema mtu kwa jambo ambalo macho yangu hayakuliona. Mungu wako na Mungu wangu wananisikia, na ninadhani ni huyo huyo mmoja. Lala salama, Mama Magesa.

Ni mimi mwenzako,
Mwajuma