Kwa Dada Yetu Fundi, Aliyemtunza Mama Peke Yake

Mwaka umetimia, Dada, tangu cherehani yako inyamaze pale chumbani kwa Mama. Ulikuwa na miaka sitini na tisa, Mama tisini na mmoja. Tulizoea kusema, "Mama ana bahati, yuko na Fundi," kisha kila mtu akarudi kwake.

Tumebaki wanne. Tumegawana zamu na bado kazi inatushinda. Anayekufuata humwogesha Mama siku moja, mgongo humuuma wiki nzima. Kitinda mimba anapika uji, unaungua. Wewe uliyafanya yote kwa miaka kumi na minne, magoti yamevimba, na nguo za watu ukazimaliza kwa siku uliyoahidi. Kweli kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Magauni ya Mama uliyashonea vifungo vikubwa kwa mbele ili afunge mwenyewe. Kila asubuhi ulikaa kando ukimngoja, hata nusu saa. Sisi na haraka zetu tukamnunulia gauni la kupitishia kichwani, lisilo na vifungo. Siku hiyo hakula. Alisema tu, "Mimi si mtoto." Tumerudi kwenye vifungo, na tunajifunza kungoja.

Hukujifanya malaika. Ulichoka, na ulisema umechoka. Ukimaliza kumkanda Mama miguu, uliinamisha kichwa palepale kwenye kigoda: "Mungu, nipe nguvu za leo tu. Za kesho nitakuja kuomba kesho." Na kesho yake ulikuja.

Kuna siku kliniki nesi aliwatazama, wazee wawili mmeshikana mikono, akauliza, "Mgonjwa ni yupi kati yenu?"

Mama akakunyooshea kidole. "Mpime huyu. Mimi nimezeeka tu, huyu amechoka."

"Mama naye, acha maneno yako!" ukamwambia.

Ulitusimulia uliporudi, tukacheka mpaka machozi. Hakuna aliyekupeleka kupimwa. Hakuna aliyesema, "Dada, kesho nakuja mimi, wewe pumzika." Miezi mitatu baadaye moyo wako ulisimama, futi yako ya kupimia ikiwa bado shingoni. Tusamehe. Hilo linatuuma kuliko msiba wenyewe.

Wiki hii tulimwuliza Mama tukuandikie nini. Alifumba macho, tukadhani amesinzia. Kisha akasema, "Mwambieni mmeshakuja, mpo hapa. Sasa alale. Alale mpaka achoke kulala."

Unakumbukwa na Mama yako, wadogo zako wanne, mawifi na shemeji zako, watoto wanaokuita Shangazi na wanaokuita Mama Mkubwa, majirani, na wateja wako wa mtaa mzima.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Dada.