Waliposikia "Kinga"

Jumatatu, 3 Machi

Dada ameishona mifuko yangu yote ikazibika. Ya sketi ya shule, ya sweta, hata kile kimfuko cha kalamu kifuani. Nimegundua leo mstarini nilipotafuta leso. Mshono ulionyooka, wa mashine, mzuri — ni fundi hodari, hilo halina ubishi, sare za nusu ya shule yetu zimepita mikononi mwake.

Nilipomuuliza akasema, "Wasikutilie kitu."

Nani? Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

Tena anasema Bi Sindano, mwenye karakana anakoshonea, si Bi Sindano. Ni mtu mwingine aliyevaa uso wake. Mama anasema ni uchovu. Naandika hapa kwa sababu naona hakuna mwingine anayekumbuka: wiki mbili zilizopita Dada alilala siku tatu na homa na kichwa kikimgonga. Akapona. Halafu ndiyo haya.

Alhamisi, 6 Machi

Hali chakula nisichoonja mimi kwanza. Anajipima kiuno kwa futi ya kushonea asubuhi na jioni, anasema kuna mtu anaifupisha futi.

Jirani amechungulia mlangoni na kutangaza, "Huyo amechezewa." Baba, bila kuinua macho kwenye injini ya friji ya mteja aliyokuwa akiifungua, akamjibu kwamba kinachochezewa ni mpira. Jirani akaenda zake. Ningecheka, ila Dada alikuwa amesimama nyuma ya pazia akisogeza midomo bila sauti.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nilidhani anaigiza! Harusi ni mwezi wa sita, nikafikiri hamtaki tena Mchumba na hajui amwambieje. Siku mbili nimemvizia ili nimkamate akisahau kuigiza. Hasahau.

Jumamosi, 8 Machi

Ameng'ata mkono wa Baba. Tumempeleka hospitali, wodi ambayo mlango wake una kitasa upande mmoja tu.

Daktari mzee ameandika neno moja: saikosisi, wazimu kwa lugha ya hospitali. Nimelisoma juu chini, likiwa upande wa pili wa meza. Sindano ya kumtuliza, vidonge, alazwe; sisi turudi Jumatano. Dada alipoona naangalia ile karatasi akapiga kelele kwamba mimi ndiye niliyetumwa.

Mimi! Niliyeonja uji wake siku tatu.

Jumatano, 12 Machi

Dada ameanguka kifafa wodini. Hajawahi, tangu azaliwe. Mdomo unamcheza hata akiwa ametulia, kama anatafuna kitu kisichokuwepo.

Daktari mzee amemwita mwenzake, mwanamke wa makamo mwenye kalamu tatu nyweleni. Hapa nitamwita Kalamu. Huyu anauliza maswali yasiyoulizwa na mtu: kabla ya haya yote, aliumwa? Mama akasema hapana. Baba akasema hapana. Nikasema homa, siku tatu. Nimesema kwa sauti ndogo mpaka Mama akanirudia: "Anasema homa."

Kalamu alisimamisha kalamu ya nne. Amechukua damu, na maji ya uti wa mgongo. Ya nini? Akili iko kichwani, sasa mgongo unahusianaje? Hakueleza. Watu wa hospitali wanapenda kuchukua kuliko kueleza.

Jumanne, 18 Machi

Majibu yametoka. Niliambiwa nisubiri nje. "Haya ni ya wakubwa." Nina miaka kumi na sita!

Mlango haukufungika vizuri. Nimesikia vipande tu. Kalamu: "...kinga yake..." Kisha: "...kinga ya mwili..." Halafu Baba: "Tumeelewa, daktari." Na Mama: "Tumeelewa. Asante."

Walitoka kama watu waliotoka kuzika. Mama alikuwa amekishika kishikio cha mkoba kwa mikono miwili.

Tangu turudi, nikiingia chumbani wananyamaza. Ninapotoka wanaanza. Kikombe cha Dada, kile cha bati, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono na kuwekwa rafu ya juu peke yake. Shuka zake Mama amezifua mwenyewe, kwa glovu za jikoni. Nikamuuliza kwa nini glovu. "Sabuni inanichoma." Sabuni ileile ya miaka yote.

Kuna kitu wanakijua.

Jumatano, 19 Machi

Mchumba amekuja na mfuko wa machungwa. Ni dereva wa lori, analala njiani siku nne kwa wiki, na huwa anatuletea matunda ya kila mji anakopita. Leo Mama hakumpisha mlangoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama akasema. Hakumsalimu. "Madereva nyie! Nenda ukapime kwanza, ndipo urudi hapa."

"Nipime nini, mama?"

"Usiniite mama!"

Akabaki pale na machungwa yake. Akanitazama mimi, nami nikatazama viatu vyangu. Ningeweza kumwambia lolote. Nini, lakini? Sijui chochote. Nami nimeanza kumshuku, na sijui namshuku kwa lipi.

Alhamisi, 20 Machi

Sasa najua.

Kalamu anataka sahihi ya Baba ili Dada aanzishiwe dawa mpya kwa dripu. Baba amekataa. Amerudi nyumbani, akatupa bisibisi kwenye kisanduku, akafoka mbele yangu kwa kusahau kwamba mimi si mkubwa:

"Dawa ya kushusha kinga! Umeona wapi? Kinga yenyewe imekwisha, wao wanataka kuishusha! Wanamfanyia majaribio mtoto wangu."

Mama akamkonyeza. Kumechelewa.

Nikaja hapa nikaliandika lile neno lisilotamkwa nyumbani kwetu, silabi kwa silabi. U — upungufu. KI — kinga. MWI — mwilini. UKIMWI.

Ndiyo kikombe. Ndiyo glovu. Ndiyo machungwa!

Walisikia "kinga" na nusu nyingine ya neno wakaijaza wenyewe. Au hawakujaza? Labda ndivyo Kalamu alivyosema, katika vipande nisivyosikia. Ila mbona ashushe kinga ya mtu aliyeishiwa kinga? Mmoja wao amekosea, na sijui ni yupi. Kila nikimwamini mmoja namshuku mwingine.

Baba anasema Jumatatu anamtoa hospitali. Kalamu amewaambia kila wiki inayopotea ni ngumu kuirudisha.

Ijumaa, 21 Machi

Nilisubiri watu watoke maabara. Mwalimu wa bayolojia, tunayemwita Seli, alikuwa anaosha mirija ya majaribio. Nikamwambia kuna kitabu nasoma, ndani yake kuna mtu mwenye saikosisi, daktari anasema tatizo ni kinga.

"Hicho kitabu kina dada?" akauliza, bila kugeuka.

Shule nzima inajua, basi. Vizuri.

Akakaa juu ya stuli. Amesema mwili hutengeneza kingamwili, protini za kunasa vijidudu. Kuna wakati, labda baada ya ugonjwa mwingine, labda bila sababu inayojulikana, kingamwili hizo hunasa vitu vya mwili wenyewe. Zikinasa vipokezi vya ubongo, sehemu zinazopokea ujumbe, mtu anaanza kuona yasiyokuwepo, kusikia sauti, kushuku kila mtu. Anaonekana mwendawazimu, kumbe kinga yake imekosea nyumba. Hupatikana kwa kupima maji ya uti wa mgongo. Ndiyo mgongo! Na hutibiwa kwa kuituliza hiyo kinga.

"Kwa hiyo haijapungua?"

"Haijapungua. Inafanya kazi isiyo yake."

Halafu akanionya, kidole juu kama darasani: nisiondoke pale nikidhani wote wenye saikosisi wako hivyo. Wenye kingamwili hizi ni wachache. Kwa wengine, wataalamu bado wanabishana kinga inahusika kiasi gani, na bado hawajapatana. Nilimwamini zaidi kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

"Wazazi wako nani amewafafanulia?"

Hakuna. Na hawajauliza. Wao husema tumeelewa.

"Basi atasema nani?"

Nikahesabu mirija. Ilikuwa kumi na tisa.

Jumapili, 23 Machi

Nimejaribu mara tatu kumwambia Mama. Mara ya kwanza nikasema, "Mama, kinga—" naye akaniziba mdomo kwa kiganja kizima, chenye harufu ya kitunguu, akatazama dirishani kama jirani ana masikio ukutani. Mara ya pili na ya tatu sikufika hata kwenye "kinga".

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mtu wa kwenye kioo haniamini.

Jumatatu, 24 Machi

Nimesema! Niandike haraka kabla sijaanza kushuku kama ni kweli.

Korido ya wodi. Baba na begi la nguo za Dada, tayari kumtoa. Kalamu amesimama mbele yao kama mlango. "Mzee wangu, nakuomba tena. Hii kinga yake—"

"Tumeelewa, daktari."

"Tumeelewa," Mama naye.

Na mimi, sijui kutoka wapi: "Hawajaelewa!"

Mfagiaji alisimamisha fagio. Nikaendelea kwa kuwa ningenyamaza nisingeanza tena: "Wanadhani Dada ana UKIMWI."

Mama alitoa sauti kama aliyeungua. Mkono wake ulipanda, nikafumba macho, ukarudi chini bila kunigusa.

Kalamu ameshtuka kuliko wote. "Lakini niliwaambia! Nilisema kipimo cha virusi ni safi!"

"Ulisema kwa upole," Mama akajibu. "Daktari, upole ule tunaujua. Mlimwambia hivyohivyo marehemu mdogo wangu, kwamba hali ni nzuri, mpaka tukamzika."

Sikuwahi kujua Mama mdogo alikufa kwa nini. Niliambiwa ni mapafu. Miaka tisa naambiwa ni mapafu!

Kalamu akakaa kwenye benchi, akamvuta Mama akae naye. Akaeleza upya, kutoka mwanzo, na safari hii alimuuliza Mama baada ya kila sentensi ameelewa nini. Mama akawa anarudia kama mwanafunzi. Baba hakukaa.

"Kama haikwisha," akasema, "inashushwa kwa nini?"

Kalamu akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Baba, kuna friji isiyopoza. Na kuna friji isiyojua kuacha kupoza, inagandisha mpaka mboga. Zote mbovu. Unazitengeneza sawasawa?"

Akanitazama. Akatazama dari. "Themostati," akasema, kwa sauti ya mtu anayejijibu; ndicho kifaa kinachoiambia friji iache. Halafu, kwa Kalamu: "Huyu mdomo kautoa wapi?"

"Atapona?" Mama akauliza.

"Huenda," akasema Kalamu. "Wengi hupona, wengine polepole sana. Si wote. Nikiwaahidi nitakuwa nawadanganya."

Baba hakulipenda. "Fundi akiniambia huenda, simpi friji yangu."

"Na akikuhakikishia kabla hajafungua hata skrubu?" Kalamu akamuuliza.

Baba alitafuna mdomo wa chini. Akatia sahihi ameegemea begi.

Mama ameenda kwenye ngazi kumpigia Mchumba. Imeita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mchumba huwa anaipokea simu yake kabla haijaita mara mbili.

Jumanne, 25 Machi

Naandika nikiwa benchi la korido. Nimepewa dakika chache.

Dripu imetundikwa tangu saa tatu asubuhi na haijaingia hata tone. Dada hataki. Haamini chupa, haamini mpira, hamwamini muuguzi; anasema huyu si yule wa jana, amebadilishwa. Kumshika kwa nguvu wanaweza, ila Kalamu anasema akihangaika mshipa utapasuka, na dawa hii itarudi siku tano mfululizo. Watamshika siku tano?

Halafu nikamsikia Dada kupitia mlangoni. Akasema, "Mleteni mdogo wangu. Yeye hawezi kunidanganya. Akidanganya anajishika shingo."

Sikujua. Miaka yote hii najishika shingo na hajawahi kuniambia!

Nimeingia. Amekonda, midomo imepasuka, ila alinitazama kama zamani anaponipima gauni, moja kwa moja, bila haraka. Akauliza maswali mawili. Hii ni dawa? Nitapona?

La kwanza nalijua. La pili nikasema ngoja, nakuja — nikatoka nje kama mwizi.

Mama ananiambia niseme ndiyo tu, uongo wa kumponya mtu hauna dhambi. Baba anasema thubutu: akigundua amedanganywa na wewe, nani mwingine atamgusa? Ni mara ya kwanza kwa mwezi mzima wanabishana mbele yangu kwa sauti. Kalamu ameniachia mimi. Jana nilimpenda kwa ile "huenda" yake. Leo ningependa aichukue mwenyewe akaipeleke ndani.

Nikimwambia huenda, ataficha mkono. Nimemwona anavyoficha. Anaweza kukaa hivyo mpaka kesho, na kesho itakuwa siku nyingine iliyopotea. Nikimwambia utapona, anaunyoosha sasa hivi. Sindano inaingia. Na asipopona, atajua kwamba katika dunia yake nzima yenye watu waliovaa nyuso za wengine, hata mimi nilikuwa mmoja wao.

Muuguzi amefungua mlango. Ananiita kwa kidole.

Nimetambua sasa hivi tu: naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko shingoni tangu nilipokaa hapa, na hautaki kushuka.