Njia Zimejaa, Mzee

Kituo cha Simu, Nyakasozi,
Wilaya ya Biharamulo,
Ziwa Magharibi.
20 Januari 1979

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Salamu zangu zikufikie wewe na mama na wote wa hapo Bisibo. Goti lako je, bado linakusumbua asubuhi? Na mama ameanza kula vizuri, au ni kulia tu tangu Kazimili aende vitani? Mimi mwili ni mzima. Kuhusu huyo kaka yangu, hakuna habari yoyote iliyopita kituoni kwetu, nzuri wala mbaya. Ingepita ningekutumia mtu siku ileile, hata wa miguu.

Barua hii anakuletea Methusela, dereva wa lori la kijiji. Nakuomba uisome ukiwa peke yako, na uisome leo. Xavery amekamatwa.

Unamjua Xavery, mkuu wangu wa kituo, Mhangaza wa kule Ngara, aliyenipokea nikiwa sijui hata plagi inaingia wapi. Walimchukua Alhamisi mchana, sahani ya ugali iko mbele yake. Wanasema anafanya hujuma, anaziba simu za serikali makusudi wakati nchi iko vitani. Jumatatu saa nne ofisa wa usalama atakaa na kamati. Asipopatikana mtu wa kueleza kwa nini simu zinaziba, Xavery atapakiwa kwenye lori kupelekwa anakokujua ofisa huyo peke yake. Wengine walipakiwa mwezi wa kumi na moja, na wake zao bado wanaulizana sokoni.

Ngoja nikueleze kazi yetu, maana ndipo jambo lilipo. Mtu akizungusha mkono wa simu huko kijijini, kibao kinadondoka mbele yangu. Nachukua kamba, nachomeka kwake, nachomeka na kwa anayemtaka, wanaongea. Wakimaliza wanatakiwa wazungushe tena kidogo, kibao kidondoke, nijue kamba iko huru. Kamba zikikaribia kuisha, kengele ya onyo inalia. Zamani ililia kwa nadra, labda siku ya mnada wa ng'ombe. Tangu vita vianze, ikifika saa sita mchana inaanza, na hainyamazi mpaka jioni. Anayepiga wakati huo hatuna la kumwambia ila kwamba njia zimejaa.

Akaja fundi kutoka mjini, Matiasi. Alisema kengele ndiyo mbovu, inapiga kelele bure, akaifunga kitambaa. Basi ikawa inakoroma badala ya kulia. Tulipolalamika akarudi akatuongezea kamba. Lo! Hazikumaliza wiki, nazo zikajaa. Akafungasha vyombo vyake akasema yeye kazi yake kaimaliza.

Hapo minong'ono ikaanza kwamba Xavery ni mpelelezi. Watu waliozoea kumsalimia Xavery sokoni wakawa wanainama kuchagua nyanya. Malori ya jeshi yakipita, mtu anamtazama yeye kwanza ndipo alitazame lori. Nilikuwa naogopa kutembea naye, nakwambia ukweli.

Lakini mimi unanijua, kitu kikinikera sikiachi. Nikaanza kuchunguza kamba zipi hazirudi. Za wenye maduka zinarudi upesi, wale wanaogopa bili. Za misheni zinarudi. Zisizorudi ni za ofisi za vijiji, na ni pale tu wanapoongea na wakubwa wao. Jumapili iliyopita nikapanda baiskeli mpaka Kaniha kwa katibu wa kijiji, dada mmoja anaitwa Eustakia, nikakaa nimwangalie akipiga simu wilayani. Alipomaliza akaaga kwa adabu zote, akakilaza chombo cha simu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akatulia. Nikamuuliza mbona hazungushi. Alinishangaa kweli. Akasema mkubwa amekwisha kumruhusu aondoke, sasa amrudie tena kumpigia kengele sikioni, yeye ni mtu asiyefunzwa kwao? Nikauliza, na mkubwa mwenyewe je? Akacheka, akasema tangu lini mkubwa akazungusha, hiyo si kazi ya mdogo?

Jamani! Mdogo anaona haya, mkubwa anamwachia mdogo, na kamba inabaki imechomekwa kutwa nzima kati ya watu wawili walioagana zamani. Heshima zetu ndizo zinazoziba simu.

Utauliza mbona miaka ya nyuma hazikuziba. Kwa sababu Xavery alikuwa anatega sikio kidogo, anauliza kama wamemaliza, akikuta kimya anachomoa. Vita vilipoanza likaja agizo kwamba opereta asisikilize simu ya serikali, wala asiikate kabla wenyewe hawajazungusha. Xavery akatii. Nilipomweleza niliyoyaona Kaniha akaniomba nisiseme kwa mtu. Alisema ili aeleweke itabidi akiri kwamba miaka yote alikuwa anasikiliza, na mtu anayeshukiwa upelelezi akisema hivyo amejimaliza. Nikaona ana haki.

Sasa Baba, nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jumatano alasiri Xavery alikuwa ametoka, kengele inakoroma, nikavunja agizo. Nilitaka kuhakikisha kwamba kamba zile kweli ni tupu. Nikategea moja, kimya. Nikategea ya pili, kimya. Nikategea ya Bisibo.

Ilikuwa sauti yako. Ulikuwa unamwambia yule ofisa kwamba Xavery si mwenzetu, ni Mrundi, mtu wa ng'ambo ya mto Ruvubu, na kwamba ulipokuwa ukisubiri njia ulimsikia mwenyewe akinong'ona Kirundi. Baba, kile kilikuwa Kihangaza! Alikuwa anaongea kwa simu na mkewe Rozalia aliyekwenda kwao kuvuna maharage. Sisi Wasukuma tunajua wapi kutofautisha Kihangaza na Kirundi? Ungeniuliza mimi mwanao ningekwambia.

Ofisa akakushukuru, akaweka chombo chini. Wewe hukuweka. Uliendelea kukishika, kwa heshima, kama ulivyotufundisha sote. Nikakusikia ukisema peke yako kwamba sasa njia itafunguka, Kazimili mwanangu, sasa nitakupata. Nilichomoa kamba nikakaa sakafuni.

Najua si roho mbaya. Najua kila siku ulipiga kuulizia habari za mwanao, na kila siku sauti iliyokwambia njia zimejaa, mzee, ilikuwa ya Xavery. Lakini nimekukasirikia, Baba, mpaka najiogopa. Na njia haikufunguka. Tangu wamchukue mambo yamezidi, kwani niko peke yangu hapa, na jana kamba ya kwanza kukwama ilikuwa ya kwenu.

Jumatatu nitasimama mbele ya kamati. Nitasema nilisikiliza, na wanifanye watakavyo. Ila neno la msichana aliyevunja agizo ni jepesi. Mwenyekiti wa kijiji kama wewe, aliyemshtaki mtu, kisha akaja kwa miguu yake kusema amekosea, huyo watamsikiliza. Methusela atakuja tena huku kesho jioni, panda naye. Usipokuja, na wakaniuliza nani alisema Xavery ni mgeni, sitanyamaza. Nitamtaja baba yangu mzazi. Unisamehe, na kama huwezi kunisamehe, basi.

Msalimie mama sana, na Shibuda na watoto wake, na majirani wote wanaoniulizia.

Rozalia amefika jana kutoka Ngara, mtoto mgongoni, analala kwangu. Hajui lolote. Aliposikia naandika nyumbani alifurahi, akasema wewe ni mtu unayesikilizwa na wakubwa, akaniomba nikupigie magoti kwa niaba yake umtetee mumewe. Anakusalimu, anasema shikamoo baba.

Ni mimi binti yako,
Suzana Ndassa