Nyumba Inayopumua

12 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Kama bado haufungiki, geukia ukuta. Haya yasome peke yako, kisha chana karatasi vipande vidogo. Usimwambie mtu, hata mama, hata huyo unayekaa naye chumba kimoja. Nakuomba sana.

Hujambo lakini? Kile kikohozi kimekuachia? Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua, ila ulimi uko imara.

Barua yako ya kunieleza umepata chumba niliisoma nikicheka peke yangu: yule dalali aliyekuonyesha stoo ya ndoo akakuambia ni "chumba cha mtu mmoja mwembamba", na yule mama aliyetaka kwanza aone picha ya wazazi wako. Najua ulivyozunguka baada ya mabweni ya chuo kujaa. Halafu nikafika hapa: jengo la kijani nyuma ya maktaba, ghorofa ya tatu, lipu mpya, na mlango ambao seremala ameshaupiga randa mara mbili tangu uhamie. Ukaandika kwamba mlango unanenepa kuliko wewe.

Mdogo wangu, mlango haunenepi. Jengo linatitia.

Jengo hilo linasimamiwa na ofisi yetu. Mhandisi alikuja huku makao makuu nikiwa namimina chai. Akamwambia Meneja, "Nguzo za chini zinapasuka. Mmeongeza ghorofa ya nne juu ya nyumba iliyojengwa kubeba tatu. Watoe watu."

Meneja akakoroga chai yake. "Katikati ya muhula? Niwapeleke kwako?"

"Usipowatoa, tutawatoa kwa koleo."

Mhandisi alipotoka, Meneja akanigeukia. "Kijana, humu ndani tulikuwa watatu. Yule ana mkataba na mimi. Mimi siwezi kujisema. Neno likitoka, atakuwa amelitoa nani?"

Tangu siku hiyo anazikagua simu zetu, ndiyo maana nakuandikia na kumpa kondakta wa basi. Hama. Sema rangi inakuwasha pua. Sababu yenyewe ife nawe.

Kaka yako


20 Februari

Kaka, shikamoo.

Nimefurahi kusikia ulimi wa mama uko imara; nisalimie wote wawili, yeye na ulimi. Kikohozi kimeisha. Barua niliichana nikaitupa chooni. Vipande vingine vikakataa kuzama, nikabaki navisukuma kwa fagio kama mwizi.

Tangu uniambie, nasikia kila kitu. Ngazi zina ufa unaoingia sarafu. Tulipolalamika wote, mtu wa ofisi yenu alikuja kubandika karatasi mlangoni: "Nyumba mpya hupumua; wapangaji wasiwe na hofu." Ninayekaa naye, anayesomea uuguzi, tunamwita Kicheko. Aliisoma kwa sauti ya daktari, akasema, "Basi ikianza kukohoa tuipeleke zahanati." Jengo zima likacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama ile nukta-mkato. Kaka, duniani kuna mtu mmoja tu anayeweka nukta-mkato kwenye tangazo la mlangoni. Ndiye aliyenifundisha kuiandika, nukta juu, mkato chini, mezani kwa mama. Ni wewe?

Kuhama nitahama. Lakini nitamwachaje Kicheko? Sufuria yetu ni moja. Nilipougua alikuwa ananifulia. Nimwambie eti pua inaniwasha, halafu nimwache alale hapo? Niruhusu nimwambie yeye tu. Ni mcheshi, lakini kutunza siri anajua.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi hatujambo.

Ndiyo, maneno ni yangu. Meneja alisema, nikayapanga.

Kuhusu mwenzio, hapana. Akijua atamwambia wa chumba cha pili, na kesho jengo zima liko barabarani na magodoro. Kidole kitanyooshwa kwangu. Ada yako inatoka hapa, dawa za mama zinatoka hapa, na Meneja si mtu wa kumfukuza mtu kazi tu akaishia hapo. Muhula unakaribia kwisha, wataondoka wenyewe. Hama wewe kwanza. Ya wengine nitayatafutia njia.

Kaka yako


9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Nimehama. Nimepata chumba cha uani kwa mama mmoja mshonaji, mbali na chuo. Bati linavuja, lakini mlango unafungika kwa kidole kimoja. Usiku wa kwanza niliufunga na kuufungua mpaka mwenye nyumba akauliza kama nina kichaa.

Kicheko nilimwambia habari za pua. Akasema, "Pua yako ina maringo, itakosa mume." Halafu akabeba godoro langu kichwani ngazi zote, mimi nikibeba mto tu. Akarudi juu, akachungulia dirishani akapaza sauti, "Afadhali umeondoka, kitanda kizuri sasa changu! Ukija kunitembelea bisha kwa nguvu, huu mlango siku hizi unafunguka kwa teke."

Kila tukikutana maktaba ananiuliza pua inaendeleaje. Namwambia imepona. Ananiambia, "Basi rudi."

Kaka, umeipata ile njia? Niruhusu. Nakuomba kwa mara ya mwisho.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kondakta anasema alikukabidhi zile mbili mkononi, ukazitia mfukoni ukaondoka. Basi najua ulizipata, na najua hutaki salamu zangu. Mama anakusalimu. Hajui kwa nini huandiki.

Redio ya ofisini ilitangaza asubuhi ya leo kwamba jengo limeanguka. Walisema wengi wa ghorofa za chini walikimbia waliposikia mlio, na kwamba ghorofa ya tatu milango ilikuwa imekwama. Walisema kuna mwanafunzi wa uuguzi aliyesikika akipiga mlango mateke. Meneja akazima redio. Akasema, "Kijana, andika haraka: wapangaji walionywa mapema, wakakaidi. Iandike vizuri kama unavyojua, na kile kialama chako."

Ruhusa uliyoiomba nilikuwa nimekwisha kuiandika. Nilikuwa naipitia upya kila siku, nafuta hapa, nageuza pale, ili ikishikwa isijulikane imetoka kwangu. Redio iliponikuta, karatasi hiyo ilikuwa mfukoni mwa koti.

Tangazo sikuliandika. Niliweka kalamu mezani, nikatoka. Sasa naandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha polisi, nangoja kuitwa. Naandikia juu ya goti, utanisamehe mwandiko. Zaidi ya mwandiko, sikuombi unisamehe.

Barua hii usiichane. Wasomee waliobaki wa jengo lile. Mpelekee mama yake Kicheko, na akitaka kujua ni nani aliyekukataza kusema, mwambie ni mimi, usijibebeshe lawama wewe.

Akitaka kuniona uso kwa uso, namna ya kunipata ni hii. Ashuke stendi kuu ya mji wetu, avuke barabara. Kituo kina geti la bluu. Aingie mlango wa kushoto, ule wa kulia ni wa malipo. Kwenye kaunta asiulize kwa jina langu, maana hapa bado hawajalizoea. Aseme anamtafuta yule karani aliyeandika kwamba nyumba inapumua.

Kaka yako