Kijiti kwa Mikono Miwili

Jumatatu, 3 Juni 1974
Mchakamchaka, kisha shamba la shule, kuvuna mahindi. Sina wa kuzungumza naye, kama jana na juzi. Tangu tushushwe kutoka milimani kuja kijiji hiki cha ujamaa huku Kidete, wananiita Mlima. Jina langu ni Debora.
Leo mwalimu wa michezo alitukimbiza. Nikawaacha wote. Nimeingia timu ya kupokezana vijiti, wasichana wanne. Jumamosi tunakwenda kushindana Kilosa. Nitakimbia wa mwisho, nipokee kwa Mwanaidi, kiranja mkuu.

Jumatano, 5 Juni
Mwanaidi hataki kufanya mazoezi nami. Anafanya na wale wengine wawili wa timu, rafiki zake. Mwalimu yuko kwenye mkutano wa kijiji. Nimechomeka bua la mtama kwenye panda ya mpera, nikalipokea peke yangu mara thelathini. Mpera hauna maringo.
Tukishinda wataniita kwa jina langu. Sitaki kingine.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwenda tena kwenye mpera, kabla ya jua kuchomoza. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Juni
Tulikwenda kwa treni. Uwanja ulijaa. Mwanaidi alikuja anaongoza, akaninyooshea kijiti. "Shika, Mlima!"
Nikageuka. Nikapiga goti. Nikapokea kwa mikono miwili.
Ndivyo nilivyolelewa. Kitu cha aliyekuzidi umri hakinyakuliwi. Mpera nilikuwa nimeuzoea, mtu sikuwa nimemzoea. Uwanja mzima ulicheka. Niliponyanyuka watatu walishanipita, nikampata mmoja tu.
Kurudi nilikaa na magunia ya watu.

Jumatatu, 10 Juni
Sasa naitwa Goti. Wametunga wimbo, tumekimbia nao mchakamchaka asubuhi nzima. Mwanaidi ndiye anayeanzisha. Ana sauti nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Namchukia.
Baada ya masomo nilirudi kwenye mpera. Mkono mmoja, bila goti. Mara hamsini. Kisha nikaacha kuhesabu. Kiganja kimechubuka.

Jumanne, 11 Juni
Mpera tena. Sasa mkono unakwenda wenyewe.

Jumatano, 12 Juni
Mahindi yamekwisha shambani. Nilifika nyumbani mapema. Baba alikuwa amekaa nje anakunywa uji. Akaninyooshea kikombe nimalizie.
Nikapokea kwa mkono mmoja, nimesimama.
Mama aliacha kupuliza moto. Baba aliutazama mkono wangu, kisha akatazama pembeni. Uji ulikuwa bado wa moto. Hakuna aliyecheka.